Nakshi Isiyochorwa

Kisu cha kwanza cha nakshi nilichowahi kuuza kilirudishwa siku ya tatu. Aliyekinunua ni mwenye bucha, mtu mzima na mpole, akaja nacho karakanani kimeviringishwa kwenye gazeti. Hakugomba. Alikifunua juu ya meza, akakigeuzageuza ili michirizi yake ing'ae kwenye mwanga wa dirisha, akasema: "Fundi, kazi yako nzuri, kila aliyekiona amekisifia. Ila hakikati. Nakinoa asubuhi, nikimaliza paja moja kimeshakuwa butu." Nikamwambia, "Samahani sana mzee wangu," nikamrudishia fedha yake. Kisu nilibaki nacho. Kinaning'inia ukutani hadi leo, juu ya fuawe, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu ninaanza kwa kumwonyesha hicho.

Nilikuwa nimekifua kwa nondo na springi ya gari. Nondo zilikuwa zimejaa kwenye ujenzi wa jirani, na springi niliipata kwa bei ya kilo. Niliwahi kusikia kwamba ukipanga chuma laini na chuma kigumu, ukaviunga kwa moto, kisu kitabeba sifa za vyote viwili: uvumilivu wa kile laini na makali ya kile kigumu. Hesabu sikuifanya. Springi ya gari ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Nondo za ujenzi mara nyingi zina asilimia 0.2 au kupita kidogo. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata asilimia 0.4, na moto nao unakula sehemu yake. Kisu cha kazi kinataka kaboni isiyopungua asilimia 0.6 hivi, ndipo kikizamishwa kwenye mafuta kigeuke kuwa kigumu kweli. Nilichomuuzia yule mzee kilikuwa pambo lenye mpini.

Kwa hiyo ninapoeleza hapa jinsi kisu cha nakshi kinavyofuliwa kutoka kwenye vyuma chakavu, nataka msomaji ajue nakitanguliza kipi. Kwanza kikate. Nakshi ifuate.

Nakshi yenyewe haichorwi wala haichongwi. Imo ndani ya chuma, imepita kutoka upande huu hadi upande ule, kama mistari ilivyomo ndani ya ubao wa mninga. Ukiusugua ubao kwa msasa, mistari haiondoki. Unafika tu kwenye mistari mingine iliyo chini yake. Kisu cha nakshi ni hivyohivyo. Ni matabaka mengi ya aina mbili za chuma yaliyoshikanishwa kwa moto na nyundo hadi yakawa kipande kimoja. Kisha tindikali inalishambulia tabaka la aina moja na kuliacha la aina nyingine, na jicho linaona kilichokuwamo muda wote.

Watu wengi huita chuma hiki cha Dameski, na jina hilo limebeba vitu viwili ambavyo si ndugu. Cha kwanza ni chuma cha panga maarufu za Mashariki, kilichotengenezwa India ya kusini na Sri Lanka kwa kuyeyushwa ndani ya vyungu vidogo vya udongo vilivyozibwa. Kilikuwa na kaboni nyingi sana, karibu asilimia 1.5, na nakshi yake ilijitokeza yenyewe ndani ya donge lilipopoa polepole na kufuliwa kwa joto la kiasi. Hakikuunganishwa na mtu. Mtaalamu wa metali John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray, wote wa Marekani, walilichunguza jambo hilo miaka ya 1990. Walionyesha kwamba chembe chache mno za vanadi na metali nyingine za aina hiyo ndizo zilizoifanya kaboni ijipange kwa mistari. Cha pili ni hiki chetu cha matabaka. Nacho ni cha kale: upanga uliofukuliwa Sutton Hoo, Uingereza, kwenye kaburi la karne ya 7, ulifuliwa kwa kuunga na kusokota vipande vya chuma. Ufundi huu ulipata uhai mpya mwaka 1973, William F. Moran wa Marekani alipoonyesha visu vyake vya matabaka mbele ya watengeneza visu wenzake, na tangu hapo umeenea duniani.

Pwani yetu haikuwa mbali na habari hizi. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 huko Sisilia, aliitaja Malindi kuwa na chuma, na akaandika kuwa chuma cha Sofala kilichukuliwa hadi India na kuthaminiwa na wafua panga wa huko. Na Kiswahili kilikuwa na neno la chuma bora cha panga kabla neno Dameski halijatufikia kwa njia ya biashara ya visu: feleji. Upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka, wenye makali pande mbili, umo kwenye kamusi za zamani. Natamani tungelirudisha neno hilo karakanani.

Sasa tuje kwenye lundo la chuma chakavu, maana kisu huharibika au hufanikiwa hapo, kabla moto haujawashwa.

Chuma cha dukani kina cheti. Chakavu hakina, inabidi ukihoji mwenyewe. Njia ya kwanza ni cheche. Kiguse kwenye jiwe la grenda kwenye kivuli na utazame: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, chache zikipasuka, chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasukapasuka kama fataki. Njia ya pili ndiyo hakimu wa mwisho. Kata kipande kidogo cha upana wa kidole, kipashe hadi kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kizamishe kwenye maji, kisha kifunge kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia, vaa miwani, ukipige nyundo. Kikipinda, kitengenezee koleo au bawaba. Kikikatika kama kigae, na ndani kikawa na rangi ya kijivu laini, hicho kina kaboni ya kutosha kisu.

Springi ya gari karibu kila mara inafaulu mtihani huo. Tatizo lake ni maisha iliyoyapitia. Jani la springi limepinda na kunyooka mara zisizohesabika kwenye barabara mbovu, na chuma kilichochoka hupata nyufa nyembamba kuliko unywele, hasa karibu na tundu la bolti la katikati. Nalitupa eneo hilo lote. Sehemu nyingine naisugua hadi ing'ae, naipaka mafuta mepesi, naifuta, halafu naipaka vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa huchora mstari mweusi juu ya weupe. Kipande chenye mstari sikitumii hata kama ni kirefu kiasi gani.

Tupa kuukuu ina kaboni nyingi zaidi, karibu asilimia 1.2, na ni chuma kizuri mno. Lakini ziko tupa za bei rahisi ambazo zimetiwa ugumu kwenye ngozi tu, na ndani ni chuma laini. Ivunje utazame kiini chake. Beringi nazo ni chuma bora, kaboni asilimia 1 na kromi asilimia 1.5, ila kromi hufanya ngozi ngumu ambayo boraksi, unga wa kuungia nitakaoueleza chini, haiiyeyushi kwa urahisi. Anayeanza aziache kwanza. Cheni za pikipiki hutoa nakshi ya ajabu kama mifupa ya samaki, lakini hizo zina habari zake peke yake.

Kwa nakshi inayoonekana vizuri, pamoja na springi, natafuta bendi ya msumeno wa mbao. Anayepita Mafinga ataviona viwanda vidogo vya kupasulia mbao vya kila namna, na penye msumeno wa bendi pana bendi zilizokwisha, zimekunjwa na kutupwa kwenye majani kando ya maranda. Nyingi zina unene wa milimita 1 hivi, na baadhi zina nikeli ya karibu asilimia 2. Nasema baadhi. Usiamini, sugua kipande cha bendi na kipande cha springi, vitumbukize pamoja kwenye dawa nitakayoitaja chini, dakika kumi. Springi itatoka nyeusi. Bendi ikitoka inang'aa kama fedha, umepata nikeli. Ikitoka nyeusi pia, bado ni chuma kizuri, lakini kisu chako kitakuwa na matabaka mia ambayo hakuna atakayeyaona.

Kuna vyuma visivyoingia kwenye moto wangu hata kwa kusahau. Chochote kilichopakwa zinki, kama mabati na mabomba ya maji, hutoa moshi mweupe unaoleta homa, na ukiuvuta kwa wingi unaweza kukuua. Vyuma vilivyopakwa kromi ya kung'aa, kama bampa za zamani na fimbo za shokomzoba, ni sumu ya namna nyingine. Na shokomzoba zima au bomba lolote lililozibwa ncha zote mbili ni bomu likiwekwa motoni. Kuna pia chuma ambacho tatizo lake ni mwenye mali. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya nguzo kubwa za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Mfua chuma anayenunua kipande cha reli, mfuniko wa shimo la barabarani au pembe ya nguzo bila kuuliza kimetoka wapi ni mshirika wa wizi huo. Mimi nanunua gereji na kwenye viwanda vya mbao, kwa mtu ninayemfahamu, basi.

Hapa nitasimama kidogo nieleze kwa nini nikeli ina thamani kiasi hiki, kwa sababu ndipo kosa langu la kwanza lilipolala.

Wengi hudhani tabaka jeusi ni chuma kigumu na tabaka jeupe ni chuma laini, na kwamba ncha ya kisu cha nakshi ni msumeno mdogo usioonekana, kigumu kikisaidiana na laini. Maelezo haya yanauza visu, lakini moto hauyaungi mkono. Kwenye joto la kuunga, nyuzi 1,200 na zaidi za Selsiasi, chembe za kaboni hazitulii. Ni ndogo sana kuliko za chuma, na hupita katikati yao kama mtoto anavyopenya kati ya watu sokoni. Kwa dakika chache tu zinakuwa zimehama kutoka tabaka lenye nyingi kwenda lenye chache, na kabla hujamaliza kukunja kisu chako kina kaboni ileile kila mahali. Nikeli ni mtu mzima mwenye gunia kichwani. Chembe yake inakaribia ukubwa wa chembe ya chuma, haipenyi mpaka mwenzake aipishe, kwa hiyo inabaki karibu palepale ulipoiweka. Ndiyo maana nakshi hutokana na nikeli upande mmoja na manganizi upande wa pili, wala siyo na kaboni.

Maana yake kwa mfuaji ni hii: kaboni ya kisu chako ni wastani wa vyuma vyote ulivyopanga. Tupa na nondo nusu kwa nusu zinaweza kukupa asilimia 0.7, na hicho ni kisu. Springi na nondo zinakupa 0.4, na hicho ni kile kinachoning'inia kwenye ukuta wangu. Springi na bendi ya msumeno yenye nikeli vyote vina kaboni ya kutosha, na vyote vinakuwa vigumu kwenye mafuta kwa joto linalokaribiana. Hiyo ndiyo ndoa ninayoitaka.

Rundo langu la kawaida lina vipande 13: saba vya springi niliyoifua hadi unene wa milimita 3, na sita vya bendi kama ilivyo, meno yakiwa yamekatwa. Kila kipande kina urefu wa sentimita 10 na upana wa zaidi kidogo ya sentimita 3. Springi inaanza na springi inamaliza, bendi na springi zikipishana katikati. Vyote vinasuguliwa hadi chuma kitupu kionekane, maana kutu, rangi na grisi vikibaki kati ya matabaka havitoki tena. Navibana kwenye jiliwa, nachomelea pembe zake kwa umeme visisogee, na kwenye kichwa kimoja nachomelea nondo ndefu iwe mkono wa kushikia. Nondo nayo inapata kazi inayoifaa. Tofali hilo lina gramu 700 hivi. Bapa la kisu likikamilika, pamoja na sehemu inayoingia kwenye mpini, halifiki gramu 250. Nyingine inaondoka kwa magamba ya moto, kwa kukata na kwa kusugua.

Moto wangu ni wa mkaa wa miti migumu, na vifuu vya nazi nikivipata, na upepo wa feni ndogo badala ya mvukuto. Gesi ni safi zaidi, lakini mkaa umeunga vyuma kwa maelfu ya miaka na haujasahau kazi yake. Siri iko kwenye kina. Tofali likae katikati ya mkaa mwingi, juu na chini, mbali na mdomo wa upepo, ili oksijeni iwe imeliwa na mkaa kabla haijalifikia. Na usifanye kazi hii juani. Chini ya jua la saa saba chuma cha rangi ya chungwa kinaonekana chekundu tu, unaongeza moto, na unakiunguza ukidhani bado kibichi. Paa la karakana yangu nililishusha makusudi ili kivuli kiwe kizito.

Tofali likifika wekundu wa damu nalitoa na kulinyunyizia boraksi, ule unga mweupe ambao masonara huyeyushia dhahabu. Inavimba, inatulia, inageuka kuwa kioo cha maji kinachoingia kwenye mianya, kuyeyusha magamba na kuufukuza upepo. Tofali linarudi motoni. Linapita wekundu wa tunda la kahawa, linapita rangi ya chungwa, linapita manjano ya embe bivu. Hapo watu huwa na haraka. Mimi nasubiri rangi ya samli iliyoyeyuka, na ikifika nasubiri tena dakika tatu au nne, nikiligeuza taratibu, mpaka ndani kuwe na joto la nje. Uso wake unaonekana umelowa, boraksi ikitambaa juu yake kama mafuta kwenye kikaango. Nikiona cheche nyeupe moja moja zikiruka kutoka kwenye chuma chenyewe, nimechelewa: chuma kimeanza kuungua, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Ukilitoa una sekunde saba au nane. Pigo la kwanza lisiwe la nguvu. Ukipiga kwa nguvu matabaka yanateleza. Nyundo ya kilo moja, mapigo mepesi ya haraka, kuanzia katikati kwenda kingo, na boraksi iliyoyeyuka inaruka pembeni kama maji ya moto. Ndiyo maana navaa viatu vya ngozi, suruali iliyofunika viatu hivyo, na miwani. Sikio linafanya kazi kuliko jicho hapa. Mapigo ya kwanza yana mlio wa kupwaya, kama debe lenye ufa. Kati ya pigo la tano na la sita mlio unabadilika. Unakuwa mfupi, mzito, mmoja. Vipande kumi na vitatu vimekuwa kimoja. Nimefanya hivyo mara nyingi sana, na hadi sasa sauti ile ikigeuka nashusha pumzi.

Narudia joto lilelile mara mbili zaidi ili kuhakikisha, halafu naangalia tofali likipoa. Palipo na mwanya, tabaka la juu linapoa upesi kwa kuwa limetengana na joto la chini yake, na linaonyesha doa jeusi katikati ya wekundu. Doa hilo likionekana mapema, boraksi na joto vinaweza kuliponya. Likifichwa, litajitokeza siku ya mwisho, kisu kikiwa kimeshasuguliwa.

Kisha nalivuta tofali hadi liwe mara tatu ya urefu wake, nalikata vipande vitatu sawa, nasafisha, napanga, naunga tena. Zamu mbili za hivyo. Hesabu ya haraka inasema 13, 39, 117, lakini springi inapokutana na springi kwenye maungio zinakuwa tabaka moja, kwa hiyo ukweli ni 37 kisha 109. Wapo wanaojisifu kwa matabaka elfu. Mimi sioni sababu. Ufito wangu ukifika unene wa milimita 5, kila tabaka kwa wastani halifiki sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ukizidisha sana, mistari inakuwa ukungu wa kijivu, na kila joto la ziada linakula kaboni na chuma. Mia moja hivi yanatosha, na jicho linayafurahia.

Ukiuacha ufito huo ulivyo, utapata mistari ya ubao. Ukitaka nakshi nyingine unayavuruga matabaka kwa makusudi. Ninayoipenda ni ya matone. Ufito ukiwa na milimita 7, natoboa kwa drili vishimo vifupi vya kina cha milimita 2, pande zote mbili, visielekeane. Kisha naupasha na kuupiga hadi urudi kuwa bapa. Kila kishimo kilikuwa kimekata matabaka kadhaa kama kisu kinavyokata kitunguu. Nyundo inapokisukuma kitako chake juu, duara la kila tabaka linafika usoni, moja ndani ya jingine. Ni kama matone ya kwanza ya mvua kwenye dimbwi lililotulia. Hakuna rangi iliyoongezwa. Ni chuma kilichohamishwa milimita mbili tu.

Kufua umbo la kisu ni kazi ya kawaida ya mhunzi, na sitakawia hapo. Ila baada ya kufua, nakipasha kisu hadi sumaku ikiache, nakiacha kipoe kwenye upepo uliotulia, mara tatu. Chuma kilichopigwa sana kina vinyongo ndani yake. Bila kupumzishwa hivi, kitapinda au kitapasuka kikiingia kwenye mafuta.

Mafuta yenyewe ni ya kupikia, lita nne, yaliyopashwa hadi nyuzi 55 au 60, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko karibu. Oili chafu ya injini haina nafasi: moshi wake una masalia ya metali na kemikali usiyotaka mapafuni. Sumaku inaacha kushika chuma kwenye nyuzi 770. Napita hapo kidogo, hadi nyuzi 800 au 830, wekundu unaoanza kuelekea chungwa, kisha kisu kinaingia wima kwa mkupuo mmoja, bila kuyumbishwa ubavuni. Baada ya nusu dakika nakitoa na kukipitishia tupa mpya. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, kimekubali. Sasa ni kigumu na kinavunjika kirahisi. Ukikiangusha sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Siku hiyohiyo kinaingia kwenye oveni ya kuokea keki, nyuzi 200, saa mbili, kinapoa, kinarudi saa mbili nyingine. Kikitoka na rangi ya bua kavu, kina ugumu wa kisu na ustahimilivu wa kuishi jikoni. Kikifika bluu, umekigeuza kuwa springi tena.

Baada ya kusugua kwa misasa, kutoka namba 120 hadi 600 au zaidi, unabaki na bapa jeupe lisilo na chochote. Wanafunzi wangu wote hukata tamaa hapo. Nakisafisha kwa sabuni na spiriti, maana alama ya kidole tu inazuia dawa, kisha nakizamisha kwenye kloridi ya chuma, dawa ya kahawia ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kuondoa shaba kwenye bodi za saketi. Sehemu moja ya dawa, sehemu tatu za maji, glavu mikononi, dirisha wazi. Dakika ya kwanza kisu kinakuwa cha kijivu chote. Ya tatu mistari inaanza kutoka, kwa mbali, kama mbegu chini ya udongo mwembamba. Ya kumi nakitoa, nakisuuza, nakisugua taratibu kwa msasa laini sana, nakirudisha. Mara tatu. Springi imekuwa nyeusi na imeliwa kidogo, bendi imebaki inang'aa na iko juu kwa kiasi ambacho ukucha unakihisi. Mwisho nakiosha kwa magadi soda ili dawa ife kabisa, nakikausha, nakipaka mafuta ya nazi.

Kisu cha namna hii kinataka mwenye adabu nacho. Ni chuma kinachoshika kutu. Kioshe, kikaushe palepale, usikilaze kwenye sinki. Embe bichi na ndimu vitakitia rangi, na rangi hiyo si ugonjwa.

Yule mzee wa bucha nilimfulia kingine mwaka uliofuata, cha springi na bendi ya msumeno, na sikumtoza kitu. Anacho bado. Amekinoa hadi kimepungua upana, na nakshi ipo palepale.

Na kwako unayetaka kununua: sokoni na mitandaoni kuna visu vingi ambavyo nakshi yake imechapwa juu ya chuma cha kawaida. Omba ruhusa ya muuzaji, sugua sehemu ndogo karibu na mpini kwa msasa hadi michirizi ifutike, kisha paka juisi ya ndimu uache robo saa. Nakshi ya kweli itarudi. Iliyochapwa haitarudi, na usikinunue. Ikirudi, umejua nusu ya habari. Kwa nusu ya pili, muombe akate kwa kisu hicho kamba ya katani mara hamsini, halafu nyanya iliyoiva. Fundi aliyefanya hesabu yake ya kaboni hatakataa.